Mshororo Uliomwinua Dada

Ipo namna ya kuhakiki shairi ambayo haimo katika muhtasari wowote wa somo la Kiswahili niliopata kuusomesha. Namna hiyo ni kutuza. Asiyezoea taarabu huiona kama vurugu ya ukumbini. Mwimbaji yumo katikati ya ubeti, mara mama mmoja anainuka kitini, anakwenda kwa madaha hadi mbele, noti ameibana kwa vidole viwili, anaitoa, anageuka, anarudi kuketi. Lakini angalia anainuka wakati gani. Wimbo unapoanza hainuki, wala ala zinaponoga hainuki. Anausubiri mshororo wake. Ukipita mshororo huo ndipo miguu yake inapopata kazi, na ukumbi mzima unajua kwamba hapo pamemgusa.

Wengine husema kutuza, wengine kutunza, na mimi mkanganyo huo haunisumbui. Neno tuzo tumelipeleka kwenye vyeti na vikombe, tukasahau kwamba kwa mama wa pwani tuzo ni noti moja inayotolewa kwa mshororo mmoja, mbele za watu.

Nayasema haya kwa sababu ya usiku mmoja jijini Dar es Salaam, miaka michache kabla Bi Shakila Said hajafariki, Mungu amrehemu. Alifariki Agosti 2016. Nilikwenda kumsikiliza akiimba nyimbo zake za ujanani, naye wakati huo amekwishavuka miaka sitini. Nilifuatana na dada yangu mkubwa, aliyekuja mjini kwa matibabu ya macho, nami nikaona si vibaya masikio nayo yapate chochote.

Kwanza niseme nyimbo hizo zilitufikiaje Mashewa, maana kwetu si pwani. Mashewa iko bondeni Lwengera, katikati ya milima ya Usambara, na ukitoka Korogwe unapita Magoma na mashamba ya mkonge kabla hujafika. Nyumbani tulisema Kisambaa. Kiswahili kilitujia kwa njia tatu: shule, msikiti na redio. Cha shule kilitupa sarufi, cha msikitini kikatupa adabu, na cha redio ndicho kilichotupa maneno kama huba, muhibu na nadhari, ambayo hakuna mtu mzima aliyeyatamka mbele yetu. Redio Tanzania ilipopiga taarabu jioni, mwenye redio aliitoa kibarazani, na wasichana waliotumwa maji walikawia njiani kwa sababu zisizoeleweka.

Mwalimu wetu wa maneno hayo alikuwa Shakila, mzaliwa wa Pangani, aliyeimba Tanga na Black Star kisha na Lucky Star. Vijana wanaodhani taarabu ya kweli ni ile ya Unguja peke yake hawajatendewa haki na waliowafundisha. Unguja walikuwa na vikundi vikubwa vyenye historia ndefu. Ikhwani Safaa kilianza 1905 na Culture mwaka 1958, vikiwa na udi, kanuni, nai na safu za fidla. Tanga walichukua gitaa la umeme na gitaa la besi, wakapunguza idadi ya watu, wakaiweka sauti ya mwimbaji mbele kabisa. Muziki ule ulivuka mpaka ukawafunza wa Mombasa. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilizikusanya nyimbo za vikundi hivyo viwili katika santuri iliyoitwa Nyota. Kwa sikio la mpenda mashairi, faida ya gitaa ilikuwa moja kubwa: lilipiga kidogo likanyamaza, na maneno yakasikika yote.

Sasa turudi ukumbini. Wapigaji walikuwa vijana watupu, baadhi yao hawakuwa wamezaliwa nyimbo zile ziliporekodiwa. Walikuwa wameshusha sauti za ala, na mara ya kwanza niliposikia utangulizi wa wimbo nilioujua tangu utotoni nilidhani ni wimbo mwingine. Bi Shakila alipoanza, sauti ilikuwa nzito kuliko ile iliyomo kichwani mwangu. Jirani yangu wa kulia, mtu mzima mwenye kofia ya kiua, aliniinamia akasema heri angebaki na kanda yake nyumbani. Ni maoni yanayostahili kujibiwa, kwa kuwa wengi wetu tumeyafikiri bila kuyasema. Tunapokwenda kumsikiliza mwimbaji mzee tunakwenda kudai mali yetu: tunataka jioni ile ya kibarazani irudishwe kamili, pamoja na umri wetu wa wakati ule. Hakuna mwimbaji anayeweza kulilipa deni hilo.

Nilichosikia mimi kilikuwa kitu kingine, na nitakieleza kwa lugha ya fani yetu. Katika rekodi za zamani msichana huyu alikuwa na pumzi ya kutosha kuupitia ukwapi na utao kwa mkupuo mmoja. Mizani kumi na sita ziliteleza kama maji kwenye jani la mgomba, na kina cha kati hukukisikia kama kina, ulikisikia kama silabi miongoni mwa silabi. Usiku ule alitua. Alifika mwisho wa ukwapi, akavuta pumzi, gitaa likamngoja, ndipo akaingia utao. Kina cha kati kikasimama peke yake hewani kwa muda wa pumzi ile. Nimechora mstari wa wima katikati ya mishororo ubaoni kwa miaka 34 nikiwaonyesha wanafunzi penye kituo, na sijapata kuona kituo kikionekana wazi kama nilivyokisikia pale. Uzee ulikuwa umeufungua mshororo tukaona ulivyojengwa.

Kutua huko kulileta na maana. Maneno yanayosemwa na msichana juu ya machungu ya mapenzi ni kama utabiri, na tunayapokea kwa tabasamu, tukijua mengi bado hajayaona. Maneno yale yale, bila kubadilishwa hata herufi, yakisemwa na bibi, yanakuwa ushahidi. Chukua wimbo uliompa jina kuliko zote, Macho Yanacheka. Kichwa chake tu kinakunong'oneza kwamba kuna kitu kingine mwilini kisichocheka. Utotoni niliusikia kama kitendawili kizuri. Usiku ule ulikuwa kama taarifa ya mtu anayetoka huko.

Mpwa wangu aishiye ughaibuni aliwahi kunisimulia habari za Leonard Cohen wa Kanada, aliyerudi jukwaani mwaka 2008 akiwa na miaka 73 na kuziimba tena nyimbo za miaka ya sitini. Cohen alikuwa mshairi wa vitabu kabla ya kushika kipaza sauti, na moja ya nyimbo hizo, Suzanne, ilichapishwa kama shairi mwaka 1966. Mpwa wangu alitaka kunionyesha jinsi Wazungu wanavyowaenzi wazee wao. Mimi nilimwuliza kama watu huinuka kutuza. Akasema hapana, hukaa vitini hadi wimbo uishe, ndipo wote hupiga makofi pamoja. Basi nikamhurumia mshairi yule, maana makofi ya pamoja hayamwambii mtu ni mshororo upi uliofanya kazi.

Dada yangu ni mtu wa haya. Aliolewa akiwa na miaka kumi na saba na mtu wa mashamba ya mkonge, akazaa saba, akazika wawili, na mumewe alipohamia kwa mke mwingine huko Muheza aliendelea kumwita baba wa watoto wangu mbele ya kila mtu, kwa sauti ile ile. Ndoa yake hatukuizungumza hata siku moja. Katika ukoo wetu dada alijulikana kwa kucheka. Ukipita kwake, huondoki bila kuchekeshwa.

Wanawake wengine walikuwa wameanza kutuza tangu wimbo wa kwanza. Niliona kitu nikakiweka moyoni: beti za kusifu umbo na sura, zilizowainua vijana enzi zile, hazikumwinua mtu. Walioinuka waliinukia penye subira na penye siri. Kisha ukaja ule wimbo wa macho. Ubeti wa kwanza dada alikaa kimya, mikono juu ya mkoba. Katika ubeti uliofuata alinigusa bega.

"Mwalimu, una elfu tano?"

Nikampa. Akainuka. Hakwenda kwa madaha, alikwenda kwa mwendo wake wa sokoni, kitenge amekifunga vizuri, akawapita kina mama waliokuwa wakicheza na kufika mbele. Mshororo ulikuwa unarudiwa kama ilivyo desturi, na Bi Shakila akaurudia akimtazama. Dada akaiweka noti kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkwe kitu, akarudi. Alipoketi macho yake yalikuwa na lile bandeji la kliniki upande mmoja, kwa hiyo siwezi kusema yalikuwa yakifanya nini. Njiani kurudi Temeke alizungumzia nauli.

Sikumwuliza. Mshororo naujua, na sitauandika hapa. Alionyesha kwa fedha yangu ni upi, na hilo lilikuwa jambo lake na la ukumbi ule.

Jambo moja ndilo linalonikera, nalo linawahusu washairi hasa. Noti ile alipewa mwimbaji, na alistahili. Lakini maneno yale aliyaandika nani? Katika taarabu mtunzi mara nyingi ni mtu mwingine: karani, fundi cherehani, mwalimu wa madrasa, mke wa mtu asiyetaka jina lake litajwe. Huandika beti zake kwenye karatasi, huzikabidhi kikundini, kisha hukaa nyuma kama mimi nilivyokaa, akiwaona watu wakiinukia mshororo wake na kumtuza mwingine. Shaaban Robert alijua thamani ya mwimbaji, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Sijaona wasifu wa mtunzi wa taarabu ya Tanga.

Tangu nistaafu nimekuwa nikizinakili nyimbo hizo kwa mkono kutoka kwenye kanda, nikisimamisha mashine kila baada ya mshororo. Daftari lina nyimbo 43. Safu ya mwimbaji imejaa yote. Safu ya mtunzi ina majina 11. Kwingine nimeweka nukta kwa kalamu ya risasi. Dada, ambaye jicho lake limepona, ana shoga yake Ngamiani aliyekuwa akishona sare za vikundi miaka ile, na ameahidi kumwuliza kuhusu nyimbo sita akienda Tanga mwezi ujao.