Cherehani Zilizonivusha

Mei 16, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa mpaka wa Kenya na Tanzania kwa sababu ya korona. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita, watu hapana. Sisi wa Mahoo huishi kwa kuvuka. Taveta iko hapa Kenya, Holili iko pale Tanzania, na Himo na Moshi ni safari ya asubuhi kwenda na jioni kurudi. Mimi niliuza ndizi. Soko la Taveta hukusanyika Jumatano na Jumamosi, na wanunuzi wangu wengi walitoka ng'ambo wakiwa na vitunguu, maharagwe na mitumba, wakarudi na kile walichokosa kwao. Siku mpaka ulipofungwa, nilikuwa mjane wa mwaka mmoja.

Mume wangu aliugua figo. Wanaojua ugonjwa huo wanajua unavyokula nyumba: mbuzi kwanza, kisha shamba la chini karibu na mfereji, kisha mikopo. Alipozikwa nilibaki na watoto, migomba michache, na deni la chama chetu cha kina mama, ambao walinistahi kiasi cha kutolitaja mbele yangu. Nilikuwa nimeanza kulilipa kidogokidogo kwa ndizi. Sasa mikungu ikawa inaivia shambani na kuoza, kwa kuwa malori ya Mombasa nayo yalipungua, na bei waliyotoa madalali haikulipa hata kijana wa kukata.

Nimeulizwa mara nyingi, kanisani na sokoni, nilivuka vipi mwaka ule. Mungu alinivusha, hilo silifichi. Lakini alinivusha kwa njia ya cherehani mbovu, na ndizo ninazotaka kuzishuhudia hapa.

Mama yangu alikuwa na Singer ya mkono. Ilikuja kwa gari moshi kutoka Voi, enzi ambazo reli ile, iliyojengwa wakati wa Vita vya Kwanza ili kubeba majeshi kuelekea mpaka wa Wajerumani, ilikuwa bado inaleta abiria na vifurushi Taveta. Aliitumia kushona sare za shule, magauni ya kipaimara, hata sanda. Alipofariki ikakaa stoo chini ya magunia. Mwezi ule wa Mei alipita kijana wa vyuma vikuukuu na mizani yake. Akaiona, akainyanyua, akataja bei kwa kilo. Nilihitaji zile pesa. Nilimwambia aiache chini, na mpaka leo sijui nguvu ya kusema hivyo niliitoa wapi.

Gurudumu lake lilikuwa limeganda, halisogei hata kwa unywele. Nilimpigia simu fundi mmoja mzee wa Himo niliyezoea kumwona sokoni, maana yeye hakuweza kuja wala mimi kwenda.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Mashine ya mama yako? Usiilazimishe. Ukiilazimisha itavunjika ndani na hutaona. Tia mafuta ya taa kila tundu, ulale. Kesho tena. Na spiriti isiguse yale maua ya dhahabu."

Ile amri ya spiriti niliielewa baadaye. Rangi nyeusi ya Singer za zamani na maua yake ya dhahabu vimefunikwa kwa vanishi ya kale ambayo spiriti huiyeyusha. Ukiisugua kwa haraka upate mng'aro, dhahabu yote inabaki kwenye kitambaa. Nimeziona nyingi zilizofanyiwa hivyo na watu waliokuwa na nia njema, na kila mara huniuma. Mafuta ya cherehani na pamba laini hutosha, ukiwa na subira.

Na subira ndiyo niliyolazimika kuwa nayo. Kafyu iliingia mapema, watoto wakalala, usingizi mimi ukanikataa. Saa zile ambazo kabla yake nilikuwa nikipiga hesabu ya deni na kulia, sasa nilikuwa na taa, bisibisi na bakuli la mafuta ya taa. Mafuta ya zamani yakikauka hugeuka gundi ya hudhurungi, na ndiyo inayoshika kila kiungo. Unaidondoshea, unangoja, unatikisa gurudumu kidogo sana mbele na nyuma, unangoja tena. Huwezi kuifanya kazi hiyo ukiwa unawaza jambo lingine. Usiku ule gurudumu lilipozunguka mzunguko mzima, nilimwamsha binti yangu aje aone. Alidhani kuna msiba.

Lakini ilizunguka kwa kelele. Nikaweka simu karibu na mashine nikazungusha, na yule mzee kutoka upande wa pili wa mpaka akasikiliza. Akasema ondoa bamba la chini ya sindano, utakuta uchafu wa nyuzi umeshindiliwa kama zulia chini ya yale meno yanayosukuma kitambaa. Ulikuwepo. Ulikuwa wa rangi nyingi, na katikati yake bluu ya sare ya shule niliyovaa nikiwa mtoto. Nilikaa nao mkononi kwa muda mrefu. Nilikuwa nimemlilia mume wangu mwaka mzima, na usiku ule ndipo nilipomlilia mama.

Baada ya hapo sikuweza tena kupita mbele ya cherehani iliyotupwa. Serikali ilikuwa imetulazimisha kuvaa barakoa tangu Aprili, na kila nyumba yenye mashine inayoshona ilikuwa na kazi. Majirani wakaanza kunitolea zao. Moja ilitoka Kitobo, imefanywa kigoda cha kuku. Nyingine ilitoka kambi ya zamani ya wafanyakazi wa mkonge, na ina beji ya duara yenye ukingo wa bluu na miaka 1851 na 1951. Singer waliiweka beji hiyo kwenye mashine zao walipotimiza karne moja. Singer zenye namba inayoanza na herufi E ikifuatwa na herufi nyingine zilitoka kiwanda cha Clydebank, Scotland, ambacho kilifungwa mwaka 1980. Kiwanda hakipo, na mashine zake bado zinashona Mahoo. Butterfly za Shanghai nazo ninazo, na siungani na wanaozidharau, kwa sababu wanawake wengi wa mpaka huu walisomesha watoto kwa Butterfly.

Nilipotengeneza mashine ya mtu, alinilipa alichokuwa nacho: unga, kuku, shilingi mia mbili. Nilipoletewa isiyo na mwenyewe, niliifufua nikaiazima kwa mwenzangu wa chama ashone barakoa, tukagawana. Deni lilipungua polepole hivyo hivyo. Mpaka ulipofunguliwa nikarudi kwenye ndizi, na cherehani sikuziacha.

Kuna wanaoniona mtu wa ajabu, chumba kizima kimejaa mashine ambazo nyingine siziuzi. Mpwa wangu aliye Uingereza alinitumia picha za makumbusho ya cherehani huko Balham, London, yaliyoanzishwa na mfanyabiashara Ray Rushton: mamia ya mashine, zimepangwa, zimeng'arishwa, watu wanakuja kuzitazama. Nilifurahi kujua kwamba nina wenzangu. Hapa kwetu watu wa kukusanya wapo pia, lakini wengi hukusanya mabaki ya Vita vya Kwanza. Ukienda Salaita, au Maktau, wakulima wamekuwa wakiokota maganda ya risasi ya mwaka 1916 kila wanapolima, na hoteli ya Taita Hills imeweka maonyesho ya vita hivyo. Ni vizuri. Watoto wetu wajue kwamba jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilikaa Taveta. Lakini Mahoo palikuwa na misheni, na misheni ya Kianglikana ya CMS ya Taveta ndiyo iliyotoa gazeti la Taveta Chronicle kuanzia 1895, kabla ya vita kufika. Watu hapa walisoma, walichapa, walishona, walivaa. Hayo nayo yaliachwa katika vitu, na vitu hivyo huishia kwenye mizani.

Januari 2022 serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu, baada ya minara ya umeme kuangushwa na nchi kuingia giza, nilipata nafasi ya kupumua. Vijana wa mizani walitoweka, nami nikazunguka Njukini, Mata na Kiwalwa nikiwaomba watu wasiuze. Baadaye biashara ikaruhusiwa tena. Siwalaumu vijana wale, wanatafuta chakula. Siku hizi nimepatana na mmoja wao: akipata cherehani ananipigia kwanza, namwongezea kitu juu ya bei ya kilo.

Kila mashine ina ukurasa katika daftari langu. Naandika jina la mwenyewe, alinunua wapi, alishona nini, alimsomesha nani. Wazee wengine wananisimulia mpaka chai inapoa, na nikiwauliza niwarudishie mashine ikishapona, wanasema kaa nayo, ila nije nishone nayo mara moja. Wanakuja. Wanashona mstari mmoja kwenye kitambaa cha kaniki, nami nakibandika kwenye ukurasa wao.

Sasa nina Singer ya aina ya 28 iliyotoka Challa, ile yenye shateli ndefu iliyochongoka badala ya bobini ya duara. Kila kitu kinazunguka, shateli ndiyo imepotea, na bila shateli haiwezi kufunga mshono. Mzee wa Himo ameniambia kwamba mjane wa fundi mmoja, Moshi, ana kopo zima la vipuri, ila hataki kuvitoa kwa mtu asiyemjua. Alhamisi hii tunakwenda wote wawili, na mjane huyo nimembebea mkungu wa ndizi.