Baridi Haisimamishi Saa

Joto ni nini? Ni mwendo wa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Katika chai ya moto chembe hukimbia. Chai ikipoa, zaenda polepole. Je, tukizidi kupoza tutafika mwisho? Naam, mwisho upo: digrii 273 chini ya pale maji yanapoganda. Hakuna aliyefika hapo kabisa, ila wataalamu wamepakaribia mno. Mwaka 1908, huko Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aliipoza hewa iitwayo heli mpaka ikawa kama maji, zikibaki digrii 4 tu kufikia mwisho huo.

Wengi hudhani kwamba hapo kila kitu kingesimama, na wakati pia. Sivyo. Heli isipokandamizwa kwa nguvu nyingi haigandi kamwe. Hata katika baridi hiyo chembe zake hazitulii kabisa. Na wakati je? Saa zilizo sahihi kupita zote hutumia chembe zilizopozwa karibu na mwisho huo, kwa maana chembe ikipunguza mbio, mapigo yake huhesabika vizuri zaidi. Basi baridi haikuisimamisha saa, bali imeisahihisha.

Nilipofiwa na mama yangu nilitamani siku zisimame, nisiisahau sauti yake. Sasa najua kwamba hazisimami popote, hata penye baridi kuu. Msomaji mpendwa, kama mama yako yu hai, nenda ukamwamkie leo.