Kupika kwa Betri juu ya Ardhi ya Mvuke

Katika nchi jirani ya Kenya, yapata kilomita 90 kaskazini-magharibi ya jiji la Nairobi, barabara huteremka ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Ziwa Naivasha. Kusini ya ziwa hilo iko hifadhi ndogo ya taifa, yenye eneo la kilomita za mraba 68 tu, ijulikanayo kwa jina la Hell's Gate, maana yake Lango la Jehanamu. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1984. Mjerumani Gustav Fischer alifika hapo mwaka 1883, na nguzo moja ya mawe isimamayo peke yake karibu na lango la Elsa huitwa kwa jina lake hadi leo. Majabali mekundu yamesimama wima pande zote mbili, na katikati ni uwanda wa nyasi wenye pundamilia, twiga, kongoni na pofu. Mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kupanda baiskeli kati ya wanyama hao, jambo ambalo ni nadra katika hifadhi za taifa, ingawa nyati wamo na hawataki mzaha.

Lakini utajiri mkubwa wa mahali hapo uko chini ya ardhi. Kwenye vilima vya Olkaria mvuke hutoka ardhini mchana na usiku, na mabomba mapana yamepita vichakani kama nyoka wa fedha, mahali pengine yakiinuliwa juu ili wanyama wapite. Visima vimechimbwa kufikia kina cha kilomita 2 na hata 3. Mvuke upandao humo huzungusha mitambo ya kufua umeme. Mtambo wa kwanza, wenye nguvu ya megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981. Katika miaka ya karibuni mvuke wa ardhini umeipatia Kenya takriban mbili ya tano ya umeme wake wote, na sehemu kubwa ya mvuke huo ni wa Olkaria. Neema hiyo haikuja bure. Mwaka 2014 familia za Wamasai zilihamishwa kupisha kituo cha nne, na malalamiko yao yalifika mpaka kwa mabenki ya kimataifa yaliyotoa mikopo.

Msafiri apigaye hema hapo, katika kambi za Ol Dubai, Naiberta au Endachata, hulala basi jirani kabisa na kiwanda cha umeme wa taifa. Hata hivyo asitarajie kukuta mahali pa kuchomeka waya. Umeme hupita juu ya kichwa chake kwenye nguzo ndefu kuelekea mijini, naye huachwa na tochi.

Zamani jawabu la chakula lilikuwa moja tu: moto wa kuni au jiko la makaa. Kuni za hifadhini si za kuokotwa, na hata mwenye kuja na makaa yake ana sababu ya kusita. Upepo wa alasiri katika bonde lile ni mkali. Huchukua vumbi jepesi la majivu ya volkano na kulitia katika kila kitu, unga wa sembe haukosi. Nyasi za kiangazi hukauka kama karatasi. Vichaka vya leleshwa, vyenye majani ya kijivu na harufu kali, hushika moto upesi. Watu wa Naivasha wanaujua mti huo kwa makaa yake mazuri. Cheche moja iliyorushwa kutoka jikoni huweza kula uwanda mzima kabla mpishi hajapata ndoo.

Ndiyo sababu baadhi ya wapiga mahema wa siku hizi, hasa wanaokuja kwa magari kutoka Nairobi, huteremsha kisanduku chenye mpini ambacho ndani yake mna betri ya lithiamu pamoja na inveta, yaani chombo kinachogeuza umeme wa betri uwe kama ule wa nyumbani. Juu yake huchomekwa birika dogo, au sufuria ya wali, au sufuria ya presha ya umeme. Hakuna moshi, hakuna jivu, na kitufe kikibonyezwa joto hukatika papo hapo, wala hakuna kaa la kusahauliwa chini ya mti.

Mtu akitazama kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mambo yamekwisha. Hapo ndipo taabu huanza, kwa maana betri ni ghala dogo mno kuliko inavyoonekana. Kisanduku chenye uzito wa kilo 12 hivi hubeba wati-saa 1,000, nazo si kitu kingine ila uniti moja: uniti ileile inayohesabiwa na mita ukutani nyumbani. Kwa upande mwingine, kilo moja tu ya makaa ya miti ina joto la takriban uniti 8. Ni kweli kwamba jiko hupoteza sehemu kubwa hewani. Lakini hata likifikisha robo tu sufuriani, hiyo ni mara mbili ya vyote vilivyomo katika kisanduku kile kizito. Muuzaji wa dukani hawezi kutarajiwa kumwambia mnunuzi habari hiyo.

Kwa hiyo mpishi wa betri lazima awe mhasibu. Lita moja ya maji ya baridi ya Naivasha, mpaka ichemke, hutaka wati-saa 92, na kwa upotevu wa inveta na birika hufika 110 hivi. Hesabu hiyo haibadiliki kwa birika ghali wala rahisi. Birika lenye nguvu ndogo litachelewa tu. Birika kubwa la nyumbani, lenye wati 2,000, litachemsha upesi, ila inveta ya wati 600 itakataa kulibeba na kujizima. Namba iliyoandikwa chini ya chombo yapasa isomwe kabla ya safari, siyo kambini wakati watoto wana njaa. Wapo pia wenye vibirika vya kuchomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari. Tundu hilo aghalabu hutoa wati 120 tu, kwa hiyo lita moja huchukua karibu saa nzima. Mwenye subira atakunywa chai.

Na lipo kosa moja ambalo limewalaza wengi porini: kufunga inveta moja kwa moja kwenye betri ya gari, injini ikiwa imezimwa, na kupika chakula cha jioni. Betri ya gari imeundwa ili itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, haikuundwa kukaushwa. Wali utaiva, na asubuhi gari halitawaka. Hali kadhalika waya mwembamba ukibeba mzigo mkubwa kutoka betri ya volti 12 hupata moto hata kuyeyuka, na hapo mtu aliyekimbia cheche za makaa amejitengenezea cheche nyingine ndani ya gari lake. Waya uwe mnene na mfupi, na fyuzi iwe karibu na betri.

Ardhi yenyewe inaongeza fumbo. Uwanda ule uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka yakiwa na joto la digrii 94 hivi, siyo 100. Mpishi aliyetoka Mombasa au Dar es Salaam huona maji yanatokota kwa nguvu, akadhani maharagwe yanaiva sawasawa. Kumbe yanaoga tu. Akiyapika kwa jiko la umeme la sahani moja, katika sufuria ya wazi, saa mbili au zaidi zitapita, na uniti yake nzima itakuwa imepaa kama mvuke wa Olkaria huku maharagwe yangali magumu.

Dawa yake ni sufuria ya presha ya umeme. Mfuniko wake huzuia mvuke, na mvuke uliozuiwa hupandisha joto kupita digrii 105, hata mlimani. Ubavu wake umekingwa joto lisitoke, kwa hiyo ikishafikia kiasi chake hujizima, ikajiwasha kidogo, ikajizima tena. Nusu kilo ya maharagwe yaliyolowekwa tangu asubuhi njiani huiva humo kwa robo uniti, pengine zaidi kidogo. Kuloweka kusidharauliwe, maji baridi ya kulowekea hayana gharama yoyote, nayo hufanya kazi ambayo vinginevyo ingelipiwa na betri. Inapendeza kufikiri kwamba sufuria hiyo ni Olkaria ndogo: mvuke uliobanwa mahali pamoja, ukalazimishwa kufanya kazi. Huko Eburru, upande wa pili wa ziwa, wakazi wamezoea kwa miaka mingi kuukamata mvuke wa ardhini na kuupoza wapate maji ya kunywa, bila ya betri wala soketi.

Tuseme ni familia ya watu 4 wanaolala usiku mmoja. Maharagwe yatachukua wati-saa 280. Nusu kilo ya mchele, 180. Na hiyo itapungua ikiwa mama, mara wali unapochemka dakika chache, ataitia sufuria yenye mfuniko katika kapu lililojazwa blanketi na kuuacha uive kwa joto lake wenyewe. Chai ya jioni ya lita moja na nusu ni 160, ya asubuhi vivyo hivyo, na mayai manne 60. Jumla ni 840. Zinabaki 160 za taa, simu na dharura. Chakula kamili, cha moto, kimetoka katika uniti moja, na hakuna aliyepuliza moto mpaka macho yakawa mekundu.

Kisha baba anaomba maji ya moto ya kuoga.

Ombi hilo, ambalo nyumbani halina uzito, hapo ni sawa na kuomba chakula cha jioni cha watu wote. Kupasha lita 10 za maji kutoka digrii 15 mpaka 40 huchukua karibu theluthi moja ya betri. Wapo wanaume waliooga vizuri Naivasha na kunywa chai ya baridi asubuhi, wao na jamaa zao. Busara ni kumimina maji katika chombo cheusi tangu saa nne asubuhi na kukiacha juani juu ya gari. Jua la mahali hapo ni kali na halihesabiwi kwa mita. Jua hilohilo laweza pia kurudisha chaji, lakini kwa upole. Paneli ya wati 100, siku ya anga safi, huleta wati-saa 400 au 500. Uniti iliyoliwa usiku mmoja hurudishwa kwa siku mbili.

Jambo zito zaidi huja baada ya chakula. Usiku wa Naivasha ni wa baridi. Miezi ya Juni hadi Agosti joto hushuka chini ya digrii 10. Aliyepika kwa makaa hutazama jiko lake bado lina wekundu, hutazama watoto wanatetemeka, akaliingiza jiko hemani na kufunga zipu. Makaa yanayofifia hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Waliolala hawakohoi wala hawashtuki. Kichwa huwa kizito, usingizi huzidi, na kifo huwakuta hivyo. Iwe jiko lina jivu juu, iwe mlango umeachwa wazi kidogo, hatari ni ileile. Sufuria ya umeme haina hila hiyo. Chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa kitambaa na kuwekwa miguuni mwa watoto hugharimu wati-saa 200 hivi. Ikiwa kuna mahali pa kuvunja bajeti ya betri, na hata kuacha chai ya asubuhi, ni hapo.

Betri nayo ina adabu zake. Isiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, isilale chini penye umande, na ikionekana imevimba au imepigwa na jiwe isitumiwe tena hata kama taa yake inawaka. Nyani wa Hell's Gate, ambao hujua kufungua mifuko ya chakula kuliko watoto, hupenda kuvuta waya; vyombo vyote viingizwe garini kabla ya kulala. Mahema yasipigwe kamwe ndani ya korongo la Ol Njorowa, hata pakiwa pakavu na penye kivuli: mafuriko ya ghafula yaliua watu humo mwaka 2012, na tena mwaka 2019.

Alfajiri, upepo ukiwa bado umelala, mawingu meupe hupanda juu ya vilima vya Olkaria, mengi kuliko yalivyoonekana jana. Birika huanza kunguruma juu ya meza ya kukunja. Kioo kidogo cha kisanduku huonyesha asilimia 20, kisha 15, kisha 10, na mtu mmoja hukitazama bila kupepesa macho, kidole kikiwa karibu na kitufe. Mayai yamekwisha pikwa kwanza, kwa sababu mayai mabichi hayaliki na chai vuguvugu hunyweka. Safari ya kurudi Nairobi ni ya saa mbili hivi, na tundu la kiberiti cha gari litarudisha kwa muda huo wati-saa 200 na kitu: chai moja na kikombe cha ziada, hapo watakapofika nyumbani na kukuta umeme umekatika.