Sahani zina mafuta, lawama kwa dada wa kazi!

Jamani, wanaohama Masaki wanauza vitu! Mzungu mkataba wake ukiisha, tangazo linabandikwa, na sisi watu wa mjini tunakwenda kugombea makochi, friji, baiskeli za watoto, hata maua ya kwenye chungu. Shangazi yangu wa Mikocheni hakurudi na kochi. Alirudi na mashine ya kuoshea vyombo, laki nne taslimu, juu ya kirikuu, majirani wote wakichungulia. Si mchezo!

Kwa ambaye hajaiona: ni kabati la chuma. Unapanga sahani ndani, unatia kidonge cha sabuni, unafunga, unabonyeza. Mikono ya ndani inazunguka na kurusha maji. Wala si mambo ya juzi. Mama mmoja wa Marekani, Josephine Cochrane, alipata hataza ya mashine yake mwaka 1886, na mwaka 1893 ikaonekana kwenye maonesho makubwa ya Chicago. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na watumishi waliokuwa wakimvunjia sahani zake nzuri. Shikeni hapo, maana na kwa Shangazi aliyebebeshwa mzigo ni mtumishi.

Basi bwana, nafika pale wiki ya pili, nyumba imechafuka. Sahani zinatoka na utando wa mafuta, glasi zina ukungu, kidonge kinakutwa nusu hakijayeyuka. Hukumu ya Shangazi: dada wa kazi anabonyeza hovyo. Mwisho wa mwezi akamkata elfu ishirini, eti fidia ya vidonge, kisha akaanza kutajataja nauli ya Iringa. Dada mwenyewe ana miaka 22, na kwa mshahara huo huo anamsomesha mdogo wake sekondari. Elfu ishirini kwake si hela ya vocha.

"Kaka," akaninong'oneza jikoni, "hii mashine haina moto. Nikifungua sahani ni za baridi kama zimetoka kisimani. Nimemwambia Mama, anasema najibu."

Mimi ni wa kidato cha nne tu, cheti cha ufundi sina, lakini fizikia haijanitoka yote kichwani. Mashine hizi zinaingiza maji ya baridi, halafu zinayapasha zenyewe kwa hita iliyo chini, nyuzi 50 au 60, hata 70, kutegemea programu. Maji yasipopata moto, samli na mafuta ya mbuzi hayaondoki. Yanahama tu kutoka kwenye sahani kwenda kwenye glasi! Na kidonge nacho kinataka joto.

Nikamwambia dada abonyeze mbele yangu, maana ipo programu ya kusuuza tu ambayo haipashi maji. Akabonyeza ya nyuzi 65, barabara kabisa. Mtuhumiwa huyo tukamfuta.

Nikafikiria umeme. Jioni watu wote wakiwasha pasi na majiko, unashuka. Ukipata volti 180 badala ya 230, hita inabaki na kama asilimia 61 tu ya nguvu yake, kwa sababu nguvu inafuata volti mara volti. Tukaiwasha saa 4 asubuhi. Baridi vile vile. Halafu umeme mdogo ungetupa uvuguvugu, si baridi ya kisima.

Tukafungua chujio la chini. Miiba ya samaki, punje za wali, kipande cha ndimu, we acha tu! Mashine nyingi zinagoma kuwasha hita kama maji hayazunguki vizuri, zisije zikajiunguza. Tukasafisha, maji yakarushwa kwa fujo. Baridi.

Ndipo tukaenda kwenye luku, na hapa msomaji wangu naomba uibe ujuzi bure. Zima kila kitu, hata friji. Washa birika la umeme peke yake, uangalie kile kitaa chekundu cha mita. Birika la wati 2000 linakifanya kipepese kama kina wazimu. Zima birika, washa mashine, ngoja ianze kuosha. Hita ikiwa nzima, kitaa lazima kifikie kucheza karibu vile vile. Chetu kilipepesa kivivu, kama vile kuna feni tu ndani. Nusu saa nzima mimi na dada tumesimama barazani tunahesabu. Hita hailambi umeme kabisa!

Shangazi akatoka kuuliza tunaangalia nini. Nikamwonyesha. Akakaa kimya, kisha akasema, "Itakuwa huyu kaigusa vibaya." Mnayaona mambo hayo?

Fundi wa kwanza alikuja na miwani ya jua, mapozi ile mbaya. Hakugusa hata skrubu. "Bodi imekufa, mama. Laki mbili na nusu." Shangazi alishaanza kutafuta simu atoe pesa! Nikamwangukia asubiri kesho.

Wa pili alikuwa mzee wa Gerezani, bisibisi na mita kwenye mfuko wa rambo. Kwanza akachomoa plagi na kufunga maji, ndipo akailaza mashine. Wewe unayetaka kujaribu kwako, usiruke hatua hiyo, maji na umeme havina utani. Akachomoa waya za hita, akapima: omu 26. "Hii nzima," akasema. Nikapiga hesabu pembeni, volti 230 kwa omu 26 ni wati 2000 na ushei, kweli nzima. Ingekuwa imekatika, mita isingesoma kitu. Sensa ya joto akaifunika kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, namba zikashuka, nayo hai.

Akaifungua bodi. Pale kuna rilei, swichi ndogo inayopitisha umeme kwenda kwenye hita. Mguu wake mmoja lehemu ilikuwa imepasuka, imezungukwa na duara jeusi. Hapo zinapita kama ampea 9, joto na baridi kila siku, lehemu inachoka. Kwa hiyo yule wa miwani alitaja mahali penyewe, ila alitaka kuuza nyumba nzima kwa sababu ya bawaba moja! Mzee akanyonya lehemu ya zamani, akatia mpya. Elfu ishirini.

Tukawasha. Kitaa cha luku kikacheza dansi. Baada ya saa moja na nusu dada akafungua mlango, mvuke ukampiga usoni, akashika sahani na kuiachia haraka. "Mama, njoo ushike!"

Shangazi akaja, akashika, hakusema neno. Akaenda chumbani, akaleta elfu ishirini ya fundi, akalipa pale pale. Ile ya dada nilimkumbusha jioni mezani, mbele ya dada mwenyewe. Akasema mwisho wa mwezi. Leo ninapoandika ni tarehe 27, na nauli ya Iringa haijatajwa tena.