Simba haikufungwa Zanzibar, niulizeni mimi niliyekuwa Makanya

Wiki hii sikupeleki ufukweni wala kwenye kumbi za starehe. Nakupeleka Makanya. Najua unajiuliza, Makanya ndiyo wapi tena? Kama umewahi kupanda basi la Moshi au Arusha kutoka Dar, basi umeshapita pale. Tatizo ulikuwa umelala.

Ukishavuka Mombo, Mkomazi na Hedaru, milima ya Upare ikiwa mkono wako wa kulia, joto linaanza kukukaanga ndani ya basi na mistari ya mkonge inajitokeza pembeni mwa barabara. Hapo ndipo Makanya, kama kilometa 30 hivi kabla hujafika Same mjini. Kuna mkonge, kuna machimbo ya jasi, kuna stesheni ya reli ya tangu enzi za Mjerumani, na kuna vumbi. Ukikaa dakika kumi, shati jeupe linakuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Mimi nilifika kule Jumamosi ya Mei 24, 2025. Wapenzi wa soka mmeshaishika tarehe. Kesho yake Simba ilikuwa inacheza na RS Berkane ya Morocco kwenye Uwanja wa New Amaan, Zanzibar, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, mechi ya marudiano. Washikaji zangu wote wa Temeke walikuwa wanapanga safari ya boti. Mama yangu akapanga yangu: niende Makanya nikamwone mjomba, mguu ulikuwa unamsumbua.

"Mama, siku ya fainali kweli?" nikalalamika.

"Kwani ada yako ya shule ililipwa na Simba?" akaniuliza.

Nikafunga mdomo, nikafunga na begi.

Mjomba wangu huyu ndiye aliyenisomesha sekondari. Aliuza mbuzi, mwaka mwingine akauza na bati alizokuwa ameweka za kujengea. Tena ni Simba wa damu kuliko mimi. Nilimkuta amekaa chini ya mwarobaini, mguu kauweka juu ya stuli, redio iko masikioni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekuja kuniona mimi au umekimbia kuona aibu Zanzibar?"

Nilicheka, lakini moyoni nilishtuka. Maana sisi wa mjini tulikuwa na uhakika. Ni kweli Jumamosi ya Mei 17 tulikuwa tumelala 2-0 kule Berkane. Lakini si tuliwahi kufungwa 2-0 na Al Masry kule Misri, halafu Aprili 9 tukawarudishia 2-0 Uwanja wa Mkapa na kuwatoa kwa penalti 4-1? Na wazee si wanatuambia kila siku habari za mwaka 1979, Simba ilipochapwa 4-0 hapahapa Dar na Mufulira Wanderers, ikaenda Zambia ikawabugiza 5-0? Kwa nini basi isiwezekane tena?

Nilimwagia mjomba hesabu zote hizo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kitu kimoja tu: "Mto ukifurika ukavuka ukapona, mshukuru Mungu. Usirudi kesho ukauita daraja."

Jumapili alasiri nikaenda kibanda umiza. Kwa wale watoto wa kishua, hicho ni kibanda cha mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja juu kabisa ya ukuta na shingo mia zinazoitazama. Unatoa buku lako mlangoni, unaingia kwenye tanuri. Nusu nyekundu, nusu ya kijani na njano. Ndiyo, Yanga nao walijaa, tena wao ndio waliowahi viti vya mbele! Wamekuja kuiombea Berkane utadhani walizaliwa Morocco.

Dakika ya 17 Joshua Mutale akatupia. Ee bwana! Mabati yalitaka kung'oka. Mzee mmoja niliyekuwa simjui alinikumbatia mpaka kofia yake ikapotea. Bado moja tu tufungane jumla, tena dakika zipo kibao. Nilijiona nimeshafika Temeke natembea kifua mbele.

Halafu yakaanza yale unayoyajua. Kipindi cha pili hata hakijachangamka, Yusuf Kagoma kadi nyekundu. Tukabaki kumi. Vijana wakakaza hivyohivyo, na Steven Mukwala akaweka mpira kimiani. Kibanda kizima juu! Mwamuzi akaenda kwenye VAR, akarudi na mkono wake: ameotea. Unajua kimya cha watu mia ndani ya bati? Nilisikia jenereta la jirani. Dakika za nyongeza Soumaïla Sidibé akasawazisha, ikawa 1-1, jumla 3-1, na kombe likaenda Berkane.

Nilitoka pale miguu haina mfupa. Nje kijana mmoja wa bodaboda, Yanga huyo, akanipigia honi: "Bro, nikupeleke hospitali au msibani?"

Sikukubali kufa peke yangu. Nikamkumbusha Mei 28, 2023, Uwanja wa Mkapa, fainali ya kombe hilihili. Yanga wakafungwa 2-1 nyumbani na USM Alger. Tarehe 3 Juni wakaenda Algiers wakashinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shabani, lakini wakakosa kombe kwa sheria ya bao la ugenini. "Nyie mlishinda na bado mkalia," nikamwambia. "Sisi tumetoka sare, tuna nafuu." Alicheka, akaondoka. Lakini msomaji wangu, kumjibu mtani hakumalizi maumivu.

Nilifika nyumbani na orodha yangu ya wachawi. Wa kwanza, VAR. Wa pili, kadi nyekundu. Wa tatu, kuhamishwa uwanja, maana mechi ilitakiwa ichezwe kwa Mkapa, CAF wakaipeleka Zanzibar kwa sababu ya hali ya uwanja. Nikamweleza mjomba kwa hasira kama vile yeye ndiye mwamuzi. Mnajua utani wetu sisi Wapare, kwamba Mpare anaweza kuuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Jioni ile nilikuwa tayari kuuza ng'ombe ambaye hata sina nikakate rufaa.

Mjomba hakunijibu. Akachukua fimbo yake. "Nishike mkono. Twende mtoni."

Tukaenda taratibu kwa sababu ya ule mguu. Nilitegemea kuona mto. Nilichokiona ni mchanga. Mchanga mpana, umekauka, una nyayo za mbuzi. Pembeni shamba lake la mahindi, majani yamejikunja kama sigara.

"Maji yako wapi?" akaniuliza.

"Hakuna, mjomba."

"Yamepotelea hapa?"

Nikaangalia mchanga. Nikaangalia milima.

Hapa inabidi nikueleze, maana wengi wetu wa mjini tunajua maji yanatoka bombani basi. Makanya iko chini, mvua yake ni ya kubahatisha. Maji yake yanatoka juu milimani, huko Vudee na Mwembe, yanashuka Bangalala, ndipo yafike huku tambarare. Na huko juu Wapare tangu mababu wanachimba mabwawa madogo yanaitwa ndiva. Usiku maji yanaachwa yajae kwenye ndiva, asubuhi yanafunguliwa kwenye mifereji, watu wanamwagilia kwa zamu. Ni akili kubwa ile, usiidharau. Lakini kila anayekaa juu anakunywa kwanza. Ikifika zamu ya Makanya, mara nyingi kinachoshuka ni yale mafuriko ya mvua kubwa tu. Yakija, watu wanakimbia usiku na majembe kuyageuza yaingie shambani. Yasipokuja, ndiyo hivyo, mchanga.

"Mimi nikisimama hapa nikaupiga mchanga huu fimbo," mjomba akasema, "nitakuwa na haki ya kukasirika. Lakini nitakuwa nimekosea mahali. Yaliyokosekana hapa yaliamuliwa juu, siku nyingi. Haya, niambie. Bao la kwanza Berkane walifunga dakika ya ngapi?"

"Ya nane."

"La pili?"

"Ya kumi na nne."

"Basi. Ndani ya dakika 14 za mechi ya kwanza maji yote yalikuwa yameshachukuliwa. Jana na leo wewe unapigana na mchanga."

Nikajaribu kubisha. VAR je? Kadi je? Akasema vile vyote ni kweli na vinauma, lakini timu inayohitaji mabao mawili ili ianze upya haina nafasi ya kupata kadi wala kuotea. Aliyefunga nyumbani kwake anaweza kukosea akasamehewa. Anayedaiwa, kila kosa linakatwa kwenye mshahara.

Halafu akanipeleka 1993. Mimi nilikuwa sijazaliwa, yeye alikuwa kijana wa Dar. Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan. Mechi ya kwanza kule Ivory Coast ikaisha 0-0. Novemba ile nchi nzima ikaamua kombe limeshakuja. Mjomba alikuwa Uwanja wa Taifa, huu unaoitwa Uhuru siku hizi, Rais Mwinyi naye jukwaani. Stella wakashinda 2-0, mabao yote ya Boli Zozo.

"Miaka yote hii nimesikia ya uchawi, ya kipa, ya kuuza mechi," alisema. "Mimi nilikuwepo. Tuliipoteza ile mechi katikati, kati ya Abidjan na Dar. Sisi mashabiki tulishaanza kucheza ngoma, na mchezaji ni mtoto wa watu, naye anaisikia ngoma."

Na Berkane? Nilipotulia nikakumbuka ninachokijua siku zote ila ushabiki ulikuwa umekifunika. Wale jamaa walicheza fainali ya kombe hili 2019 wakakosa, 2020 wakachukua, 2022 wakachukua, 2024 wakakosa, 2025 wakachukua tena. Fainali tano ndani ya miaka saba! Sisi kutoka fainali ya 1993 hadi ya 2025 ni miaka 32. Fainali nayo ina mazoea yake. Wenzetu wanaingia kama wanaingia sebuleni kwao, sisi tunaingia kama wageni, tunaogopa hata pa kukaa. Wakati sisi tunabishana nani alaumiwe, wao wanarudi mwaka unaofuata. Hiyo ndiyo ndiva yao: wanajaza usiku, asubuhi wanafungua.

Sasa msomaji wangu, ningeweza kuishia hapa nikakuaga. Lakini mjomba hakuishia hapo.

Tulipokuwa tunarudi, kigiza kimeshaingia, akaniuliza bila hata kunitazama: "Na wewe ule mtihani wako wa kidato cha nne, ulifungiwa wapi?"

Mimi nyumbani kwetu nina hadithi yangu, wanaijua wote. Kwamba asubuhi ya mtihani wa Hisabati niliamka na malaria kali, nikaandika huku natetemeka, ndiyo maana nikapata nilichopata. Miaka yote nimeishi na hadithi hiyo. Mama anaisimulia kwa wageni. Ni VAR yangu mimi.

Ukweli ni kwamba sikuwa na malaria. Nilikuwa mzima wa afya. Nilichokuwa nacho ni mwaka mzima wa kutoroka vipindi vya jioni kwenda kuangalia mpira, na daftari la Hisabati lililokuwa na kurasa safi kuanzia Machi. Niliukuta mtihani umeshaisha, kama yale mahindi.

Nilimwambia. Pale barabarani, nimemshika mkono, nilimwambia yote. Nikamwambia na kwamba nilijua kuhusu zile bati. Nilitegemea anipige na ile fimbo, na ningekubali.

Alikaa kimya mpaka tukafika mlangoni. Kisha akasema: "Nilijua. Nilikuwa nasubiri uende mwenyewe juu ukaangalie." Akaingia ndani akaomba chai.

Asubuhi yake nilimfungulia kifereji chake, nikang'oa magugu na kuzibua mchanga ulioziba mdomo wake. Maji hayakuwepo, lakini alisema mafuriko hayatoi taarifa, na anayesubiri kuyaona ndipo azibue mfereji hunywa matope. Saa tano nikasimama kandokando ya barabara kusubiri basi, shati limeshakuwa la chai ya maziwa. Yule kijana wa bodaboda akapita tena, akanipungia mkono, safari hii hakupiga honi.

Mama nilimweleza nilipofika. Alinuna siku mbili. Ya tatu akaniuliza fomu za kurudia mtihani zinauzwa wapi. Nimeshaanza na kurasa za Machi.

Kwa hiyo ukinikuta kijiweni watu wanabishana kuhusu ile fainali, usishangae nikikaa kimya kidogo. Simba naipenda na nitaipenda mpaka nazikwa. Ila siku hizi ikifungwa siulizi dakika ya mwisho ilikuwaje, nauliza maji yalichukuliwa wapi.

Na wewe ukipita Makanya safari nyingine, fanya basi uamke. Tukutane wiki ijayo.