Mizani ya Gurudumu

Lugha hukua pale penye haja, na haja ya Kanda ya Ziwa imekizalia Kiswahili neno ambalo msomaji wa Unguja, Lamu au Mombasa huenda hajapata kulisikia: mchomoko. Mzizi wake ni kitenzi kuchomoka, yaani kutoka ghafla mahali palipobana, kama mwiba unavyotoka mguuni au kisu kwenye ala. Huko Kahama, Geita na Katoro, mchomoko ni gari dogo la stesheni wagoni, aghalabu Toyota Probox, linalochukua abiria kutoka stendi za mjini hadi vijijini na machimboni. Gari hilo halina ratiba. Likijaa, huchomoka.

Lakini gari lenyewe halikuundwa kwa kazi hiyo. Lilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, pamoja na pacha wake aitwaye Succeed, ili liwatumikie wenye maduka na maofisa wanaozunguka na sampuli za biashara. Lile la mizigo liliruhusiwa kubeba kilo 400 likiwa na watu wawili, au kilo 250 likiwa na watu watano. Lilipewa magurudumu ya inchi 13 na matairi membamba, ambayo kijana wa stendi akiyaona leo hucheka na kuuliza kama yameazimwa kwenye baiskeli. Baada ya kuutumikia ujana wake katika lami laini ya ugenini, gari hupakiwa melini, hushushwa Dar es Salaam, kisha huelekea magharibi, kwenye ardhi ambayo aliyelichora hakupata kuiwaza.

Ardhi hiyo ina majina yake. Wasukuma, ambao ni wakulima na wafugaji wa tangu na tangu, huita luseni ule mchanga mwepesi wa kwenye miinuko, na huita mbuga udongo mweusi wa mabondeni, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa ndama, na mvua ikinyesha hunata kama ulimbo. Kati ya hizo mbili yamechomoza majabali ya matale. Lami ipo: inapita Tinde, Isaka na Kahama, nayo imejaa malori yaendayo Rwanda na Kongo. Lakini ukiiacha lami hiyo pale Kahama ukashika njia ya Kakola kwenda Geita, njia ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya vumbi na kokoto, ndipo gurudumu linapoanza kuulizwa maswali.

Nchi hii imevuta watu kwa madini kwa muda mrefu. Almasi ya Mwadui, karibu na Shinyanga, iligunduliwa mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, wa Bulyanhulu ulioko Kakola mwaka 2001, na wa Buzwagi mwaka 2009, huo ukafungwa mwaka 2021. Wafanyakazi wa migodi hiyo husafiri kwa mabasi ya kampuni. Abiria wa mchomoko ni wengine: wachimbaji wadogo waendao kwenye maduara yao, mama lishe na masufuria yao, wauza mitumba, wanafunzi, wagonjwa waliopewa rufaa, na mfuko mmoja au miwili ya mawe yanayopelekwa karashani. Mfuko huo wa mawe hudanganya macho. Ukiutazama ni mdogo kuliko gunia la mchele, na ukiuinua ndipo unapotambua kwamba uzito na ukubwa ni mambo mawili.

Mwezi Oktoba 2023, mvua zikiwa zimekaribia, dereva mmoja wa Kahama alimpeleka mwenye gari kwenye duka la matairi. Katika biashara hiyo mwenye gari huitwa tajiri, hata kama utajiri wake wote ni hilo gari. Tajiri huyu alikuwa mama wa makamo, mfanyabiashara wa mchele, mjane, aliyelinunua gari kwa akiba ya miaka sita. Kila jioni dereva humletea hesabu, yaani kiasi walichoafikiana, na kinachozidi hapo ni chake. Matairi yalikuwa yamekwisha kuwa vipara. Trafiki walikwisha kuonya mara mbili, na lile la nyuma kushoto lilikuwa limeanza kuonyesha nyuzi zake, kama kanga kuukuu inavyoonyesha mwili.

Dereva alikuwa na lake moyoni. Kwa majuma mawili alikuwa akizitazama rimu za sporti za inchi 15, za alumini, zinazong'aa, zikiwa tayari zimevishwa matairi mapana ya mtumba. Wala hakuwa mpumbavu. Stendini abiria hulichagua gari kwa macho. Linalometameta hujaa kwanza, na linalojaa kwanza huenda safari nne ilhali jingine limekwenda tatu. Urembo, kwake yeye, ulikuwa ni hesabu ya tajiri na ada ya shule ya wanawe.

"Mama, gari ni kama mtu," alisema. "Likivaa vizuri linaheshimiwa."

"Sawa, mwanangu," alijibu yule mama. "Lakini mimi nataka kujua kiatu hiki kinabeba nini."

Swali hilo lilimfikia fundi, mzee aliyekuwa ameketi juu ya tairi la lori akisugua rimu kwa brashi ya waya. Akawaita wakaribie, akaanza kuwasomea maandishi ya ubavuni, ambayo watu wengi huyapita kama wapitavyo maandishi ya makaburini.

Tairi la rimu ile ya sporti lilikuwa limeandikwa 185/55R15, na mbele kidogo 82V. Mzee akafafanua. 185 ni upana kwa milimita. 55 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani kama milimita 102. Herufi R si ya rimu, kama wengi wanavyodhani, bali yaeleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, zikikatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Wapenzi wa ushairi hawatapata taabu kuielewa kanuni iliyomo humo, kwa kuwa ni ya mizani: ukiongeza silabi katika kipande kimoja, sharti upunguze katika kingine, ama sivyo mshororo utatoka nje ya wenzake. Rimu ikikua kutoka inchi 13 hadi 15, ubavu wa tairi sharti upungue ili kimo cha gurudumu zima kibaki karibu na kile cha kiwandani. Tairi la awali la gari hili, 155R13, lina kimo cha milimita 578 hivi, na hilo la sporti 584. Kwa kimo, basi, limesalimika.

"Sasa tazama hii 82," mzee akasema. "Hii ndiyo aliyouliza mayu."

Namba hiyo ndiyo ya mzigo, nayo husomwa katika jedwali: 82 maana yake ni kilo 475 kwa tairi moja. Herufi V yasema kwamba tairi laweza kwenda hadi kilomita 240 kwa saa, fahari isiyo na kazi kwenye njia ya Kakola. Kisha mzee akaonyesha tarakimu nne zilizozungushiwa duara refu: 1915. Juma la 19 la mwaka 2015. Tairi lilikuwa na umri wa miaka minane, na ijapokuwa meno yake yalikuwa marefu, mpira huzeeka hata usipotembea. Akalikunja kidogo ubavuni, na nyufa nyembamba kama mikunjo ya ngozi zikajitokeza.

Dereva akauliza habari za matairi mengine yaliyokuwa pembeni, makubwa, 195/65R15, namba ya mzigo 91, kilo 615. Hapo mzee hakubisha juu ya nguvu, bali alibisha juu ya kimo. Gurudumu hilo lafika milimita 634. Gari litainuka, ndiyo, lakini likishiba abiria na kukata kona, mpira utasugua madigadi. Injini ndogo itasukuma gurudumu refu kuliko ililopimiwa, na kupanda mlima kutakuwa kwa kuomba. Tena mshale wa mwendo utasema 80 ilhali gari linakwenda 88. Wenye haraka ya kuinua gari huongeza pia vipande vya chuma kwenye springi, au huchagua rimu zinazotokeza nje ili gari lisimame kwa majivuno. Beringi ndizo zinazolipa majivuno hayo.

Akaongeza la nati, ambalo dereva alikiri hajapata kuelezwa. Rimu ya chuma hukazwa kwa nati zenye ncha ya koni, zinazokaa katika shimo lenye umbo hilohilo. Rimu nyingi za alumini zilizotoka kwa Toyota yenyewe hukazwa kwa nati zenye shingo na washa bapa. Anayebadili rimu bila kubadili nati huliacha gurudumu likishikwa kwa mstari mwembamba wa chuma, nalo hulegea kidogo kidogo njiani. Na jiwe likiipiga rimu ya chuma, rimu hupinda, ikanyooshwa kwa nyundo. Likiipiga ya alumini, yaweza kupasuka.

Mwisho akatoa tairi jembamba, jipya, lisilo na mvuto wowote: 155/80R14, likifuatiwa na 88/86N LT. Ndilo kipimo walichokichagua Wajapani wenyewe walipolibadili gari hili mwaka 2014 na kulipa rimu za inchi 14. Kimo chake ni milimita 604 hivi. Huliinua gari milimita 13, na mshale ukisema 80, mwendo wa kweli ni 84 kasoro kidogo. Ubavu wake una milimita 124, hivyo waweza kupokea pigo la jiwe kabla halijaifikia rimu. Namba ya kwanza, 88, ni kilo 560 tairi likiwa peke yake. Ya pili, 86, ni kilo 530 yakifungwa mawili upande mmoja. N ni kilomita 140 kwa saa. LT yasema ni tairi la gari la mizigo, lenye kutaka upepo mwingi, na likinyimwa upepo huo haliwi bora kuliko jingine lolote.

"Hili jembamba linabeba kuliko lile pana?" dereva aliuliza.

"Upana unauona wewe," mzee akajibu. "Mzigo unauona ubavu."

Yule mama akaomba kalamu. Mchuuzi wa mchele hahofii hesabu za kilo. Gari tupu ni kama tani moja. Dereva na abiria wanane, akiwakadiria kilo 65 kila mmoja, ni kilo 585. Mizigo yao, 115. Jumla ni 1,700. Dereva akachangamka, kwa kuwa matairi manne ya 475 ni kilo 1,900, na kumbe zabaki 200. Mzee akatikisa kichwa. Mzigo haugawanyiki sawasawa, kama vile shehena haikai sawasawa jahazini. Wengi hukaa nyuma, na mifuko ya mawe hukaa nyuma zaidi. Sehemu tatu katika tano zikienda nyuma ni kilo 1,020, yaani 510 kwa kila tairi. Tairi la 475 hapo linabeba lisichoweza. Halipasuki siku hiyo. Hukunjuka na kukunjamana, hupata moto, na siku moja ya jua kali, kwenye lami iliyonyooka kati ya Isaka na Kahama, hupasuka.

Kimya kilichofuata hakikuwa cha matairi. Mama alikuwa ameitazama ile nane aliyoiandika kwa mkono wake.

"Gari hili ni la watu wangapi?" aliuliza.

"Watano, mama, pamoja na mimi."

"Na wewe unachukua wanane."

"Hesabu unayoitaka haifiki kwa wanne, mama."

Neno hilo dereva hakulisema kwa ukali, naye mama hakulipokea kwa ukali. Lilikuwa neno la kweli lililochelewa. Rimu, upana, kimo na umri wa mpira vyote vilikuwa vimepimwa asubuhi ile, na kumbe kipimo kilichokuwa kikiyapasua matairi ya michomoko ya ukanda mzima kilikuwa hakijaandikwa ubavuni mwa tairi lolote. Kilikuwa katika daftari la tajiri. Mzee fundi akainama akaendelea kusugua rimu yake, kwa kuwa palikuwa pamefika mahali pasipo pa fundi.

Wakajadiliana. Mama hakuwa na cha kutoa sadaka, maana naye alikuwa na mkopo wa kikundi. Akapunguza hesabu ya kila siku kwa theluthi moja, kwa sharti kwamba mbele asikae mtu wawili wawili, mawe yasipakiwe kabisa, na fedha iliyosalia kwa kutonunua rimu za sporti iwekwe kwa ajili ya springi za nyuma. Dereva akataka siku za gulio ziachwe huru. Mama akakataa. Dereva akanyamaza, kisha akasema, "Basi, mama." Rimu nne za chuma zikapakwa rangi nyeusi, nati za koni zikakazwa kwa kuvuka, moja huku na ya pili upande wa pili, na matairi membamba yakajazwa upepo hadi yakalia kama ngoma yakigongwa.

Juma lilelile, stendini, kijana mmoja mwenye kofia ya uchimbaji alikuja na mfuko wa mawe, akataka utiwe nyuma. Dereva aliuinua kwa mkono mmoja, akausikia, akaushusha taratibu.

"Ngoja gari lingine, mdogo wangu."

Kijana akazitazama zile rimu nyeusi, akatoa mguno, akaubeba mfuko wake hadi kwenye gari lililofuata, lenye rimu za kung'aa. Gari hilo lilijaa upesi, likachomoka kwanza.