Saa moja kwa miguu Osaka: Kutoka Umeda hadi Namba

TRENI ya chini ya ardhi kutoka Umeda hadi Namba, katika jiji la Osaka nchini Japan, hutumia chini ya dakika 10. Kwa miguu ni kilomita 4 hivi, yaani saa moja kwa mtu mzima na zaidi kidogo kwa mzazi aliyemshika mtoto mkono. Wageni wengi hupanda treni, na hivyo hupitwa na yaliyo katikati.

Umeda, upande wa kaskazini, ni eneo la majengo marefu ya vioo, maduka makubwa na stesheni zenye msongamano. Asubuhi wafanyakazi hutoka humo kwa mwendo wa haraka kuelekea maofisini. Kutoka hapo mtembeaji hushika Midosuji, barabara iliyokamilika mwaka 1937. Tangu mwaka 1970 magari huelekea upande mmoja tu, kusini, kwa hiyo anayekwenda Namba hufuatana nayo.

Njia za waenda kwa miguu ni pana na miti ya ginko hutoa kivuli. Uvutaji wa sigara ulipigwa marufuku katika barabara hiyo mwaka 2007, na kuanzia Januari 2025 marufuku hiyo inahusu barabara za jiji zima. Kwa mtoto mdogo, ambaye uso wake uko usawa wa mkono wa mvutaji, hiyo si faida ndogo.

Madaraja mawili huvusha watu kupitia kisiwa cha Nakanoshima, yalipo makao ya serikali ya jiji, hadi Yodoyabashi. Hapo inafaa kuiacha barabara kuu na kukata kushoto kwa dakika chache. Katikati ya maofisi ipo nyumba ya zamani ya mbao iitwayo Tekijuku. Ilikuwa shule ya daktari Ogata Koan, aliyeanza kufundisha Osaka mwaka 1838.

Mwaka 1849 Koan na wenzake walianza kuwachanja watoto dhidi ya ndui. Majokofu hayakuwapo. Ili chanjo isipotee, ilibidi ihamishwe kutoka mkono wa mtoto mmoja hadi wa mwingine, wiki baada ya wiki. Wakikosekana watoto, kazi yote imekwisha. Uvumi ulikuwa mwingi na wazazi wengi waliogopa, hata madaktari wakalazimika kutumia mchele na fedha ili familia maskini zikubali kuwaleta watoto wao. Ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980. Mzazi anayesita leo mlangoni mwa kliniki hakuanza yeye kuogopa, na waliokubali wakati ule waliwakinga watoto wengi ambao hawakuwajua.

Hatua chache kusini ni Doshomachi, mtaa wa wafanyabiashara wa dawa tangu karne nyingi zilizopita. Kampuni kubwa za dawa za Japan zina mizizi yao hapa. Katika hekalu dogo la mtaa huo hutolewa vinyago vya karatasi vya chui milia, kumbukumbu ya mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 1822.

Baada ya Shinsaibashi na maduka yake yaliyoezekwa juu, hali hubadilika. Suti hupungua, sauti hupanda na harufu ya vyakula hutangulia. Huku Namba, kando ya mfereji wa Dotonbori, kaa mkubwa wa bango huchezesha miguu juu ya mgahawa, na bango la mkimbiaji aliyeinua mikono huwaka usiku. Umeda watu huja kufanya kazi. Hapa huja kula.

Mtoto aliyefika hapa kwa miguu, bila kuburuta hatua, amekaribia dakika 60 za mazoezi kwa siku ambazo Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17. Anastahili takoyaki, vidonge vya unga wenye kipande cha pweza, vinavyopikwa kwenye chuma chenye mashimo kama cha vitumbua. Tahadhari ni moja: nje hupoa upesi, ndani hubaki moto sana. Mzazi apasue kwanza, mvuke utoke, ndipo mtoto ale.